Prufu na Mpigo Maalumu: Namna ya Kutofautisha Sarafu Zinazofanana

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa si vyote ving'aavyo ni dhahabu. Katika ulimwengu wa wakusanyaji wa sarafu, usemi huu una tafsiri yake ya karibu zaidi: si kila sarafu ing'aayo ni prufu. Mathalani, mtu anayenunua nusu dola ya Marekani ya mwaka 1966 kwa kuambiwa kuwa ni prufu huwa amelipia kitu ambacho hakipo. Katika mwaka huo, na ule uliotangulia, na ule uliofuata, kiwanda cha sarafu cha Marekani hakikutoa prufu hata moja kwa wanunuzi. Kilichotolewa ni sarafu za aina nyingine, zenye mng'aro wa kuvutia, ambazo katika makala hii zitaitwa sarafu za mpigo maalumu. Kwa jicho lisilozoea, aina hizi mbili ni shilingi kwa ya pili. Kwa jicho lililozoea, ni kama usiku na mchana.

Huenda msomaji akajiuliza suala la sarafu lina uhusiano gani na jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Uhusiano upo, na haukutafutwa kwa tochi. Makosa mengi katika biashara hii huanzia kwenye maneno kabla ya kufika kwenye madini. Muuzaji hutumia neno "maalumu" akimaanisha kitu kimoja, mnunuzi akaelewa kingine, na fedha zikabadilisha mikono juu ya neno ambalo halikufafanuliwa. Kwa hivyo inafaa kuanza na istilahi zenyewe.

Istilahi

Mtu akipewa kazi ya kutafsiri maelezo ya sarafu hizi bila kuijua taaluma yenyewe, yamkini atakimbilia maneno "uthibitisho" au "ushahidi", kwa kuwa hayo ndiyo anayoyapata akifungua kamusi. Matokeo yake ni "sarafu ya ushahidi", kana kwamba imetolewa mahakamani kama kielelezo cha wizi. Ilhali Kiswahili kina neno linalofaa na ambalo kila mwanafunzi aliyewahi kuchapisha makala analifahamu: prufu. Mhariri husoma prufu kabla ya kitabu kwenda mtamboni. Ile nakala ya majaribio hutolewa ili makosa yaonekane mapema. Prufu ya sarafu ilizaliwa kwa njia iyo hiyo. Mafundi wa zamani, baada ya kuchonga mhuri mpya, walipiga sarafu chache kwa uangalifu mkubwa ili kuchunguza kama mchoro umetoka sawasawa. Baadaye wakubwa wakazipenda, wakusanyaji wakazitamani, na kilichokuwa jaribio kikageuka bidhaa. Neno lilibaki. Kwa sababu hiyo kulikopa neno prufu hapa si uvivu wa mtafsiri. Maana imeingia pamoja na neno.

Neno la pili linalohitaji tahadhari ni "maalumu". Katika matumizi ya kawaida, sarafu maalumu ni ile iliyotolewa kuadhimisha tukio, yaani sarafu ya ukumbusho. Hilo halihusiani na namna ilivyotengenezwa. Sarafu ya ukumbusho yaweza kuwa prufu, au ya mpigo maalumu, au ya kawaida kabisa inayolipia nauli ya matatu. Ndiyo maana ni afadhali kusema "sarafu ya mpigo maalumu", ili umaalumu uangukie kwenye mpigo na wala si kwenye tukio.

La tatu ni kitenzi "kufua". Mfua chuma na mfua fedha wangali wanaitwa hivyo, na sarafu pia hufuliwa, ingawa msomaji wa leo akisikia neno hilo hufikiria kwanza nguo na sabuni. Inafaa kuongeza hapa kwamba sarafu iliyofuliwa kwa maana hii ya pili, yaani iliyosuguliwa kwa sabuni au dawa ya kung'arishia shaba, huwa imeharibika machoni pa mkusanyaji, na hakuna namna ya kuirejesha ilivyokuwa.

Prufu hufuliwaje?

Jambo la kwanza la kushika ni kwamba prufu si daraja la ubora. Ni namna ya utengenezaji. Prufu iliyoibwa na mtoto na kununuliwa nayo peremende, ikazunguka mifukoni mwaka mzima na kuchakaa, hubaki kuwa prufu, imechakaa tu. Kadhalika, sarafu ya kawaida iliyohifadhiwa vizuri kupita kiasi haigeuki kuwa prufu kwa sababu ya uzuri wake.

Sarafu yoyote hutokana na vitu vitatu: kisahani kitupu cha madini, mihuri miwili ya chuma iliyochongwa mchoro kinyume, na mtambo wa kushinikiza. Katika sarafu za kawaida kazi huenda kwa kasi. Kisahani huingia, hupigwa mara moja, hutoka, huangukia katika rundo la wenzake na kukwaruzana nao. Katika prufu kila hatua hupunguzwa mwendo. Visahani husafishwa na kung'arishwa kabla ya kupigwa. Sehemu tambarare za mhuri husuguliwa hadi ziwe kama kioo. Kisha kisahani hupigwa mara mbili au zaidi, kwa nguvu na bila haraka, ili madini yaingie katika kila pembe ya mchoro. Hatimaye sarafu hutolewa moja moja isiguse nyingine.

Zao la kazi hiyo ni uwanja wa sarafu unaoakisi kama kioo, herufi zenye vichwa bapa na pembe kali, na ukingo ulionyooka kama umekatwa kwa kisu. Katika prufu nyingi za kisasa kuna jambo la ziada: sanamu iliyoinuka huwa na weupe wa ukungu, ilhali uwanja ni mweusi unapoutazama kutoka upande. Kwa muda mrefu, ukungu huo ulipatikana kwa kuuchovya mhuri katika asidi na kisha kuisugua upya sehemu tambarare peke yake. Kwa bahati mbaya ukungu wa mhuri ulifutika haraka. Katika miaka ya 1950 na 1960, sarafu chache za kwanza zilizotoka chini ya mhuri mpya ndizo zilizokuwa na tofauti hiyo ya ukungu na kioo. Zilizofuata ziling'aa kotekote. Zote ni prufu, lakini bei zake hazilingani kamwe.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kioo ndicho kinachoifanya prufu kuwa prufu. Mwaka 1902, kwa kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba, kiwanda cha sarafu cha Uingereza kilitoa prufu zisizong'aa kabisa, zenye sura ya kupooza. Marekani nayo ilitoa senti za Lincoln za namna hiyo kuanzia mwaka 1909 hadi 1916, na watu wengi hawakuzipenda. Kwa upande mwingine, mwaka 2006 Marekani iligeuza mambo juu chini kwa kutoa prufu zenye uwanja wa ukungu na sanamu ya kioo. Anayetafuta kioo peke yake atazikosa za kwanza na kuchanganywa na za pili.

Yaliyotokea mwaka 1965

Asili ya sarafu za mpigo maalumu zinazoleta utata zaidi ni uhaba wa sarafu uliolikumba taifa la Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bei ya madini ya fedha ilikuwa ikipanda (hapa msomaji asichanganye fedha ya madini na fedha ya matumizi, ingawa katika kisa hiki zilikuwa kitu kimoja). Watu walianza kuzificha sarafu. Nusu dola yenye sanamu ya Rais John F. Kennedy, iliyotolewa mwaka 1964 baada ya kuuawa kwake Novemba 1963, haikuonekana madukani. Kila aliyeipata aliiweka kama kumbukumbu. Mkurugenzi wa kiwanda cha sarafu wakati huo, Bi. Eva Adams, aliwatupia wakusanyaji sehemu kubwa ya lawama.

Tarehe 23 Julai 1965, Rais Lyndon B. Johnson alitia saini sheria mpya ya sarafu. Madini ya fedha yaliondolewa kabisa katika vipande vya senti 10 na senti 25, na katika nusu dola yakapunguzwa kutoka asilimia 90 hadi 40. Aidha, herufi ndogo zinazoonyesha mahali sarafu ilipofuliwa ziliondolewa, ili wakusanyaji wasiwe na sababu ya kutafuta sarafu za kila tawi la kiwanda. Prufu nazo zilisitishwa. Mitambo na mafundi waliokuwa wakizitengeneza walihitajika kufua sarafu za matumizi ya kila siku.

Lakini soko la wakusanyaji halikuwa dogo la kupuuzwa. Mwaka 1964 pekee ziliuzwa seti 3,950,762 za prufu, kila seti kwa dola 2 na senti 10. Kwa hivyo likatafutwa jambo la kuziba pengo. Ndipo zikaja seti za mpigo maalumu, zilizofuliwa San Francisco bila herufi ya mahali, na kuuzwa kwa dola 4. Ndani yake mlikuwa na vipande vitano, kuanzia senti moja hadi nusu dola, ambavyo thamani yake ya matumizi kwa jumla ilikuwa senti 91. Kwa maneno mengine, mnunuzi alitozwa karibu mara mbili ya bei ya zamani kwa sarafu zilizo duni kuliko zile za zamani. Si ajabu kwamba mauzo yalishuka: seti 2,360,000 za mwaka 1965, kisha 2,261,583 za 1966, na 1,863,344 za 1967. Mwaka 1968 prufu zilirejea, zikiwa na herufi S ya San Francisco, kwa dola 5. Wakusanyaji walinung'unika kuhusu bei lakini walinunua seti zaidi ya milioni tatu.

Mpigo maalumu ulikuwa maalumu kwa kiasi gani? Mihuri ilitayarishwa vizuri kuliko ya kawaida, na shinikizo la mtambo lilikuwa kubwa zaidi. Hata hivyo sarafu ilipigwa mara moja tu. Zile za mwaka 1965 zilishughulikiwa bila uangalifu mkubwa. Nyingi zina sura ya hariri iliyofifia na alama za kugongana, na zilifungwa katika mfuko laini wa plastiki. Za 1966 na 1967 zilipigwa moja moja na kushikwa kwa uangalifu, kisha zikawekwa katika kasha gumu la plastiki. Hizi za miaka miwili ya mwisho ndizo zinazokaribia prufu kiasi cha kumhadaa mtu.

Kuzitofautisha kwa macho

Njia nyepesi ni kutazama mwaka, na inashangaza jinsi watu wanavyoiruka. Sarafu ya Marekani ya 1965, 1966 au 1967 inayonadiwa kuwa prufu si prufu, hata ikiwa inang'aa kama jua la adhuhuri. Hapo mjadala unakwisha bila kuhitaji kioo cha kukuzia.

Pale mwaka usipotosha, kazi hurudi kwenye ukingo. Katika prufu, mahali ukingo unapokutana na uwanja huwa na pembe kamili, na ukingo wenyewe ni bapa. Katika mpigo maalumu ukingo una ulaini kidogo, kwa sababu pigo moja halikutosha kuyasukuma madini hadi mwisho wa safari yake. Baada ya ukingo hutazamwa herufi. Vichwa vya herufi katika prufu ni kama meza. Katika mpigo maalumu vina mviringo mdogo.

Uwanja una ushahidi wake pia. Maandishi ya kitabu yakiwekwa karibu na prufu, huonekana ndani yake yakisomeka vizuri, ingawa kinyume. Katika sarafu ya mpigo maalumu maandishi huonekana, lakini yakisogezwa mbali kidogo huanza kuyeyuka kama yanayotazamwa kupitia dirisha lenye mvuke. Sarafu ya kawaida, nayo, ina mng'aro wa namna nyingine kabisa. Ikizungushwa chini ya taa, miale huzunguka nayo kama vijiti vya gurudumu la baiskeli. Chanzo chake ni mifereji midogo mno ambayo madini huiacha yanapotiririka kutoka katikati kwenda ukingoni. Mwanafunzi anaweza kuliona hilo leo bila gharama kwa kutazama shilingi moja ya Kenya yenye twiga, ya toleo la mwaka 2018, mradi awe amepata ambayo haijachakaa. Katika prufu mng'aro huo unaozunguka haupo, kwa kuwa kusuguliwa kwa mhuri kumeifuta mifereji.

Kisha kuna mistari. Hili ndilo jambo linalowatatiza wengi, na ndilo lenye faida kubwa likieleweka. Mhuri ukisuguliwa, msasa huacha mikwaruzo myembamba iliyozama ndani ya chuma cha mhuri. Mhuri ukipiga kisahani, mikwaruzo hiyo hutokea kwenye sarafu ikiwa mistari iliyoinuka. Mistari hiyo huishia ghafla pale sanamu inapoanza, kwa sababu sanamu katika mhuri ni shimo, na msasa haukufika shimoni. Ni ya kuzaliwa nayo, wala haiipunguzii sarafu heshima. Sarafu nyingi za mpigo maalumu za mwaka 1966 na 1967 zinayo. Kinyume chake, sarafu iliyosuguliwa na mwenyewe nyumbani ina mistari iliyozama, tena inayopita juu ya uwanja na juu ya sanamu bila kujali mpaka. Herufi zake hulainika, na uchafu wa dawa hubaki katika vipembe. Wapo wanaozisugua sarafu za kawaida kwa makusudi wapate kuziuza kama prufu. Mistari huwaumbua.

Ikumbukwe kwamba baadhi ya sarafu za mpigo maalumu zina ukungu kwenye sanamu na kioo kwenye uwanja, sawa na prufu bora. Hizo zilitoka mwanzoni mwa maisha ya mhuri. Wakusanyaji huzitafuta na kuzilipia zaidi, lakini ukungu hauzihamishi kutoka kundi lake.

Hali hii si ya Marekani peke yake. Kanada imekuwa ikitoa seti za wakusanyaji za viwango mbalimbali, baadhi zikiwa kati ya sarafu za kawaida na prufu. Karibu na nyumbani, sarafu za kwanza za Kenya, zilizotolewa mwaka 1966 zikiwa na sanamu ya Mzee Jomo Kenyatta, zilifuliwa na kiwanda cha Uingereza, na seti chache mno za prufu zilitengenezwa pamoja nazo. Tanzania nayo, mwaka 1974, ilitoa sarafu za uhifadhi wa wanyamapori, twiga na kifaru wakiwa miongoni mwao, kwa namna mbili: prufu, na zisizo prufu zilizofuliwa kwa uzuri. Sarafu hizo mbili zenye mnyama mmoja zikiwekwa mezani, uchunguzi ni ule ule wa ukingo, herufi na uwanja.

Utata wa mwaka 1964

Kisa kilichobaki ndicho kigumu kuliko vyote. Mwaka 1964 Marekani ilitoa prufu kwa mamilioni, kama ilivyotajwa, na nusu dola ya prufu ya mwaka huo yapatikana kwa bei isiyozidi sana ile ya madini yaliyomo. Lakini pana kundi dogo la sarafu za 1964 ambazo si prufu wala si za kawaida. Zina uso laini kama hariri, mchoro mkali ajabu, na mistari mingi ya msasa wa mhuri. Hazina kioo cha prufu. Hazina pia mng'aro unaozunguka wa sarafu za kila siku. Wafanyabiashara wamezipa jina la mpigo maalumu, ingawa zimetangulia seti za mpigo maalumu, na hakuna kumbukumbu rasmi ya kiwanda inayoeleza ni nani aliyeziagiza na kwa shabaha gani.

Maoni yamegawanyika. Wapo wanaodhani zilikuwa majaribio ya seti zilizokuja baadaye. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa sarafu zenye tarakimu 1964 ziliendelea kufuliwa hata mwaka 1965 ulipokwisha kuingia. Wengine huzihusisha na mali ya Bi. Adams mwenyewe. Wengine tena wanahoji kama kundi hilo lipo kweli, au ni sarafu za mwanzo tu za mihuri mipya ambazo soko limezipa jina na bei. Almuradi soko halijasubiri jibu: mwaka 2019 nusu dola moja ya kundi hilo iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 100,000.

Hapa ndipo kutojua tofauti kunapoweza kumgharimu mtu kwa njia zote mbili. Mwenye prufu ya kawaida ya 1964 anaweza kuilipia mamia ya maelfu ya shilingi akidhani ameipata ile adimu, na mwenye ile adimu anaweza kuiuza kwa bei ya madini kwa kuwa haina kioo, hivyo akadhani ni sarafu ya kawaida iliyofifia. Wachunguzi wa nusu dola hizo hutafuta alama moja ndogo: mstari mfupi unaoning'inia kwenye mkono wa kushoto wa tarakimu 4 katika mwaka. Ni kovu la mhuri, dogo kiasi kwamba halionekani vizuri bila kioo cha kukuzia. Pasipo kovu hilo, wengi wao huirudisha sarafu kwa mwenyewe kabla hata ya kuutazama uwanja.